Mikono mfukoni: kisu cha kwanza cha mpwa wangu

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kufundishwa kutengeneza kisu huja na cheche kichwani. Wameshaona kwenye simu: jamaa mwenye aproni ya ngozi anapiga nyundo, moto unaruka, muziki unalia, na baada ya dakika kumi kisu kinakata karatasi. Mimi nawapa tupa. Nawaonyesha kipande cha chuma kilichobanwa kwenye vaisi, nawachorea mstari, nawaambia wasugue mpaka waufikie. Nusu saa haiishi kabla mwenzangu hajapata simu ya dharura kutoka nyumbani.

Mpwa wangu hakupata simu.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi springi, Pasua, Moshi. Lori likivunja springi huko barabarani huletwa hapa, tunafungua, tunatoa jani lililokatika, tunapiga jingine mpaka likae mkunjo wake, tunafunga, dereva anaondoka. Visu ni kazi ya jioni na ya Jumapili. Kwetu ni Ugweno, Upare ya Kaskazini, na kila mwenye kuijua historia kidogo huniambia, "Aa, basi umerithi." Anamaanisha Washana, ule ukoo wa wahunzi uliotawala Ugweno kabla Wasuya hawajawanyang'anya utawala. Chuma cha Ugweno ndicho Wachaga walichokuwa wakikinunua na kukifulia mikuki huku mlimani. Historia nzuri sana, ila sisi si Washana. Babu alilima kahawa, na ufundi wangu niliupata nikiwa nimelala chali chini ya malori.

Huyu binti ni mtoto wa dada yangu. Anauza mtori na supu, na kila alfajiri, kabla hujaamka wewe na mimi, ameshamenya ndizi mshare za siku nzima. Visu vya dukani anavimaliza. Vinapinda, mpini unalegea, makali yanaisha kazi ikiwa nusu. Jumamosi moja akaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Kuna nini?"

"Nataka kisu."

"Nitakufanyia wiki ijayo."

"Hapana, mjomba. Nataka nikitengeneze mimi."

Hapo nikamweleza sharti langu, ambalo kwa kweli ni sharti la kwangu mwenyewe kuliko la mwanafunzi. Kisu chake mimi sikigusi kwa chombo chochote. Naweza kumshika kiwiko, naweza kumsogeza mguu asimame vizuri, naweza kupiga kelele akitaka kujiunguza. Chuma ni chake. Fundi wa siku nyingi ana mkono wenye kiherehere: akiona upande umeanza kwenda kombo anataka kuchukua tupa na kusukuma mara tatu tu, kidogo tu, anyooshe. Akishanyoosha, mwanafunzi hajui palipinda wapi wala kwa nini, na kesho atapinda palepale. Kwa hiyo kazi ya kufundisha naifanya mikono ikiwa mfukoni, na nawaambieni, ni kazi ngumu kuliko kupiga jani la Fuso.

Tulianza na boksi. Nilimpa kipande cha katoni na mkasi, nikamwambia achore kisu anachokitaka, akikate, halafu akishike kana kwamba anamenya ndizi. Vijana wa kiume hapa huchora silaha za sinema: ncha mbili, ndoana mgongoni, matundu ya mapambo. Yeye alichora kitu kidogo, ubapa wa sentimita kumi na moja, mgongo ulionyooka, tumbo la makali lenye mviringo kidogo karibu na ncha. Akakishika, akamenya hewa, akasema mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia. Akakata kingine. Cha tatu alikifungia kwenye pochi akaenda nacho nyumbani, akarudi kesho yake na kubadilisha tena, kwa sababu amegundua kwamba akimenya anaweka kidole gumba juu ya mgongo wa kisu, na mgongo wake wa katoni ulikuwa na kona pale kidole kinapokaa. Sikumwambia hayo. Katoni ilimwambia.

Chuma hakikuwa tatizo, gereji ya springi haikosi. Nilichagua jani jembamba la pikapu, la kama milimita sita, lililotolewa kwa sababu lilichoka, si kwa sababu lilivunjika. Hilo ni jambo la kuangalia. Springi iliyokatika barabarani mara nyingi ina nyufa nyingine ndogo ambazo jicho halizioni, na ukija kukizamisha kisu cha moto kwenye mafuta ili kiwe kigumu ndipo zinapojitokeza. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na mimi kweli situpi chuma, lakini kilichovunjika nakitengenezea patasi na mitaimbo ya kung'olea mawe, sikifanyii kisu.

Kabla ya kukata nilimwonyesha tofauti kwenye jiwe la kusagia. Nondo ya ujenzi ukiigusisha inatoa cheche ndefu zinazokwenda moja kwa moja na kuzimika. Springi inatoa cheche fupi zinazopasuka mwishoni na kutawanyika. Kupasuka kule ni kaboni. Springi nyingi za magari zina kaboni kama asilimia 0.6 na kromu kidogo, kiasi cha kutosha kukipa kisu ugumu bila kuwa na roho nyepesi ya kuvunjika. Nondo ya kawaida haina kaboni ya kutosha. Utaifua, utaipolishi, utaizamisha, na itabaki laini. Nimeletewa hapa "visu vya asili" vya nondo vinavyouzwa kwa watalii, na wenye navyo wananiuliza kwa nini havinoleki. Havinoleki kwa sababu ni nondo.

Siku ya kufua ilikuwa siku moja tu na sitaisimulia sana. Moto wa mkaa, draya kuukuu ya saluni ikipuliza kwa bomba, na umeme ulipokatika tukarudi kwenye gurudumu la baiskeli linalozungusha feni, kama walivyo mafundi wengi huku kwetu. Fuawe yangu ni kipande cha reli. Alivaa shati la pamba la mikono mirefu, kanga tuliiacha ndani, na lile blauzi lake la nailoni nililikataa mlangoni, maana nailoni ikidondokewa na cheche inayeyukia kwenye ngozi. Alilinyoosha jani, akalipunguza unene, akaanza kupata ncha. Alipiga nyundo vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtu anayetwanga na kumenya kila siku ana mkono. Mzee mmoja jirani alikuja kusimama mlangoni akanikumbusha kwamba zamani mwanamke hakukaribia moto wa chuma. Ni kweli, huko Ufipa kwa mfano, kwenye zile tanuru ndefu za udongo, wanawake walikaa mbali wakati wa kuyeyusha. Nikamjibu hapa hatuyeyushi kitu, shikamoo. Akacheka akaomba kiti.

Jioni tulikiwasha chuma kikawa chekundu, tukakizika kwenye ndoo ya majivu makavu, kikalala humo mpaka asubuhi. Kupoa polepole namna hiyo kunakilainisha, na bila kulainika tupa haiingii, utamaliza tupa na chuma kinakutazama.

Sasa ndiyo tukafika kwenye kisu chenyewe.

Ninayo grainda. Ninazo mbili. Mwanafunzi wangu wa kisu cha kwanza haruhusiwi kuzigusa, na hili watu wananilaumu nalo. Grainda inakula haraka, na mtu asiyejua anapokwenda, haraka humfikisha asipotaka. Tena inachemsha chuma chembamba bila wewe kujua. Tupa inakula kidogo kidogo, na kila mara unapata nafasi ya kuangalia. Wahunzi wa zamani wangeinunua grainda siku hiyohiyo, najua, simshutumu mtu. Mimi nasema cha kwanza tu.

Kwanza nilimfundisha kusukuma. Tupa inakata ikienda mbele. Ikirudi, inyanyue, usiiburute, unaua meno yake. Mkono wa kulia kwenye mpini wa tupa, kiganja cha kushoto kwenye ncha yake, mguu wa kushoto mbele, na nguvu itoke kiunoni. Ukitumia mabega utalala na maumivu. Chaki ipakwe kwenye tupa, ili unga wa chuma usigandamane kwenye meno, kwa sababu punje moja ikigandamana inachimba mfereji kwenye kisu ambao utautoa kwa msasa siku nzima. Brashi ya waya iwe mkono wa pili.

Halafu mistari. Hapa nina ujanja ninaoupenda. Ukitaka kupata katikati ya unene wa chuma, pale makali yatakapokuja kuwa, chukua msumari wa drili wenye kipenyo sawa na unene wa kisu. Kilaze kisu juu ya kioo au kipande cha marumaru, msumari nao ulaze ubavuni kwake, halafu pitisha ncha yake kwenye ukingo uliopakwa wino wa maka. Ncha ya msumari ipo katikati ya unene wake, kwa hiyo inakwaruza mstari katikati ya kisu. Geuza upande wa pili, pitisha tena. Kama mistari miwili imekutana, hapo ni katikati. Kama imeachana kwa unywele, vilevile sawa, fanya kazi kati ya hiyo miwili. Alipoona ule mstari umetokea alinitazama kama nimefanya kiinimacho.

Kisu kililazwa kwenye ubao, ubao ukabanwa kwenye vaisi, naye akaanza kuteremsha ubavu kuelekea ule mstari. Upande wa kulia ulimkubali. Upande wa kushoto ukaanza kupanda juu kwenye ncha na kubaki nyuma karibu na mpini. Niliuona mapema sana. Nilikwenda kunywa chai.

Niliporudi nikamuuliza, "Unaona nini?"

"Naona umenyooka."

"Paka maka yote."

Akapaka wino ubavu mzima, akasukuma tupa mara chache kwa urefu. Wino ukatoka kwenye ncha, ukabaki karibu na mpini. Akanyamaza, akakitazama. Halafu akasema, "Mjomba, nasukuma nikiwa nimesimama mbali, mkono unaishia ncha." Ilikuwa hivyo hasa. Mtu wa mkono wa kulia akigeuza kisu upande wa pili hubaki amesimama palepale, na mwili unamvutia kwenye ncha. Akasogea hatua moja. Kelele ya tupa ikabadilika papo hapo. Tupa inayokata sawasawa ina sauti nzito, ya kukwaruza, isiyopanda wala kushuka. Tupa inayocheza inapiga filimbi. Baada ya siku hiyo nilikuwa naweza kufunga boliti za Isuzu upande wa pili wa gereji na kumwambia bila kugeuka, "Umelegeza vaisi."

Hayo ya tupa yalichukua Jumamosi nyingi. Wateja walimzoea, makondakta wakawa wanamwita fundi. Makali hatukuyamaliza: kabla ya moto tunayaacha na unene wa kadi ya benki, pungufu kidogo ya milimita moja, kwa sababu makali membamba yakiingia kwenye moto yanaungua na yakiingia kwenye mafuta yanajikunja. Matundu ya riveti kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini, naye akayatoboa hapohapo, kabla ya ugumu. Ukisahau matundu ukaja kukumbuka baadaye, utavunja misumari ya drili hadi ujue jina la muuza duka.

Kisha nikampa mikia ya lile jani, vipande vitatu vilivyobaki. Hili ndilo somo ambalo sikubali mtu alikose. Kipande cha kwanza akipashe mpaka kiwe cheupe-njano, akizamishe. Cha pili kiwe chekundu sawasawa, akizamishe. Cha tatu kiwe chekundu vilevile lakini akichovye kwenye maji badala ya mafuta. Cha maji kililia "ting!" kikiwa bado kwenye ndoo, na kilipotoka kilikuwa na ufa kutoka ukingoni mpaka katikati. Viwili vilivyobaki tulivibana kwenye vaisi, tukavifunika kwa kitambaa, miwani machoni, akavivunja kwa nyundo. Ndani ya kile kilichochomwa mno kulikuwa na punje kubwa zinazometameta kama sukari. Ndani ya kile cha pili hakuna kilichometa, ni kijivu laini tupu. Alivishika vyote viwili karibu na dirisha kwa muda mrefu. Kuanzia hapo sikuhitaji kumwambia asizidishe moto.

Kukitia ugumu tulikifanya magharibi, jua likishazama, kwa sababu mchana rangi ya chuma inadanganya. Nje kwenye jua chuma cha nyuzi 800 kinaonekana cheusi kuliko kilivyo. Mafuta yalikuwa ya alizeti, yale ya Singida, lita nne kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Mchanga ndoo nzima pembeni. Mafuta tuliyapasha kwanza kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto, mpaka chombo kikawa cha kushikika kwa shida. Watu hushangaa kwa nini upashe kitu kitakachopoza. Mafuta baridi ni mazito, yanakwama kwenye chuma na kutengeneza mapovu. Ya uvuguvugu yanatembea haraka na kupoza sawasawa pande zote.

Kabla ya kuzamisha, mara tatu tulikipasha kisu na kukiacha kipoe hewani, kimesimama, hakiguswi. Kinatulia. Nyundo na tupa zimekiachia mivutano ndani, na mivutano hiyo ndiyo inayokipinda kikiingia kwenye mafuta.

Nilimwonyesha kivuli. Ukikipasha chuma gizani ukakitazama bila kupepesa, kinakuwa chekundu, chekundu zaidi, halafu kuna wakati unaona kivuli cheusi kinatembea ndani yake, kinakimbilia sehemu ambazo bado hazijafika. Hapo chuma kinabadilika ndani kwa ndani, na kinameza joto bila kung'aa zaidi. Kivuli kikiisha, rangi inakuwa moja kutoka ncha hadi msuka. Tuna sumaku ya spika imefungwa kwenye waya, tunaigusisha kuhakikisha: chuma kikipita nyuzi 770 sumaku hakiijui tena. Kutoka hapo unaongeza kidogo, rangi ielekee kwenye chungwa, unatoka.

"Nimekiona," akasema, kwa sauti ya chini. Akagusa sumaku. Haikushika. Akasubiri kidogo, na mimi mikono yangu ilikuwa imekunja ngumi humo mfukoni, maana sekunde hizo zinakula roho. Akakitoa, hatua moja, ncha mbele, wima, bila kukitikisa kushoto wala kulia, kikazama. Mwali ukaruka juu ya mafuta, ukazimika wenyewe. Alihesabu kama tulivyokubaliana, akakitoa kikiwa bado kinafuka moshi, akafumba jicho moja, akakitazama.

Kilikuwa kimepinda kidogo kuelekea kushoto.

Hapo una muda mfupi. Chuma kilichotoka kwenye mafuta kikiwa bado cha moto hakijawa kigumu kabisa. Ugumu unaendelea kuingia kadiri kinavyopoa, na kabla haujakamilika kinakubali kunyooshwa kwa mkono. Glavu mbili, akakikandamiza kwenye ukingo wa meza, akatazama, akakandamiza tena. Kimebaki na upindo ambao mimi nauona na wewe huwezi kuuona. Kikishapoa akapitisha tupa kuukuu kwenye makali: ikateleza, haikushika hata chembe, inalia tu. Akairudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisu kikiwa hivyo ni kigumu kupita kiasi. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Kinatakiwa kilegezwe, na kulegeza kunataka joto la kama nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, halafu saa mbili nyingine. Nina tanuri? Sina. Dada yangu anayo oveni ya gesi, ile anayookea keki za harusi. Mazungumzo ya kuiomba hiyo oveni siyaandiki hapa kwa heshima ya familia. Tulikubaliwa kwa masharti kwamba kisu kioshwe mafuta yote kwanza, na kwamba hakuna keki siku hiyo. Kwa kuwa kipimo cha oveni nyingi hakiaminiki, tuliking'arisha kisu kwa msasa kabla ya kukiweka, ili rangi yenyewe itusomee. Kilitoka na manjano hafifu ya nyasi kavu, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Kingetoka na rangi ya zambarau au bluu tungekuwa tumepitiliza, makali yasingedumu.

Kwenye mpini tulibishana. Nilimshauri mninga, ni mti wa upole, unakubali tupa, rangi yake nzuri. Yeye alitaka mpingo, kwa sababu mpingo. Nikamwambia ni mzito unazama kwenye maji, unapasuka ukiuharakisha na drili, vumbi lake linachoma koo, na una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi. Akasema, "Sawa, mjomba, nitafanya polepole." Alipata vipande kwa wachonga vinyago, mabaki yasiyo na kazi. Alitoboa polepole kweli, akinyanyua drili kila mara ipoe, barakoa usoni. Kabla ya kugundisha aliufuta mpingo kwa spiriti hadi kitambaa kikaacha kutoka cheusi. Gundi ya mirija miwili, riveti za vijiti vya shaba ya kuchomelea, klempu, na usiku mzima bila kugusa. Ameshinda hoja hiyo, nakubali. Mpini wake umekaa vizuri kuliko mingi niliyofanya kwa mninga, na pale kidole gumba kinapokaa amekwangua kibonde kidogo ambacho mimi nisingekifikiria.

Kunoa alikuwa anakujua kwa kinoo, lakini hakuwahi kusubiri ule uzi wa chuma ujikunje upande wa pili. Ukinoa upande mmoja ipasavyo, makali yanatoa uzi mwembamba sana unaoelemea upande wa pili. Ukipitisha kidole kwa kukatiza, kutoka mgongoni kuelekea makali, unausikia unakwaruza. Usigeuze kabla hujausikia kutoka mpini hadi ncha. Ukigeuza, unanoa mpaka uhamie huku. Mwisho unauondoa kwa mkanda wa ngozi. Visu vingi ninavyoletewa ati havishiki makali, mwenye navyo huwa hajawahi kufika kwenye huo uzi hata siku moja.

Alikwenda nacho kazini Jumatatu. Saa moja asubuhi simu ikalia. "Mjomba! Kisu kimechafua ndizi zote, zimekuwa nyeusi!" Nilikuwa nimemwambia, lakini kuambiwa si kuona. Chuma hiki hakina kinga ya kutu kama cha dukani, na utomvu wa ndizi mbichi unapambana nacho, vyote viwili vinabadilika rangi. Nikamwambia achemshe kahawa nzito, ya mlimani kwetu, isiyo na sukari, aimimine kwenye jagi, akisimamishe kisu humo usiku kucha mpaka usawa wa mpini. Asubuhi kilitoka na rangi ya kijivu kizito kinachoelekea bluu, na kuanzia hapo ndizi zinatoka nyeupe, ilimradi azitumbukize kwenye maji upesi kama siku zote. Kazi ikiisha anakiosha, anakikausha palepale, anakipaka tone la mafuta ya kupikia. Asipokikausha kitapata kutu kabla ya jioni, na akinipigia simu kwa hilo sipokei.

Dada yangu alitaka kisu kiwekwe kabatini, kwenye vioo, pamoja na zile glasi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzinywea. Binti amekataa. Kinamenya ndizi kila alfajiri, na mwenye bucha jirani yake ameshakishika, akakigeuzageuza, akauliza bei.

Kwa hiyo cha pili ameshakichora, kwenye katoni, inchi saba, cha kuchunia. Anataka kukitengeneza kwa chuma cha beringi kubwa, kwa kuwa amesikia kinashika makali zaidi. Amesikia sawa, kaboni yake ni kama asilimia moja. Nimemwambia beringi inataka moto wake na saa zake, na inapasuka ukiifua ikiwa imeanza kupoa. Na mkaa safari hii anunue yeye. Grainda nitamruhusu, ya kuchongea mpini tu.